Mwongozo Kamili wa Kuvuna Maji ya Masika Kutoka Paa la Bati: Anza na Gata, Tangi Baadaye

Kila masika yanapokaribia, familia nyingi za vijijini hununua tangi, hulisimamisha pembeni mwa nyumba, kisha hushangaa kuona mvua kubwa ya kwanza ikimwaga maji nje ya gata, yaani mfereji wa ukingoni mwa paa, huku tangi likiambulia ndoo chache tu. Wengine hufanikiwa kulijaza, lakini baada ya wiki mbili maji yananuka na viluwiluwi vinacheza juu yake. Malalamiko haya hurudi mwaka hata mwaka kwa maneno yaleyale, na chanzo chake karibu kila mara ni kimoja: fedha yote imemalizikia kwenye tangi, ilhali kazi yenyewe hufanywa na gata, bomba la kushushia maji na kile kipande kidogo kinachotenga maji machafu ya mwanzo.

Mwongozo huu unachukua nyumba ya kawaida ya kijijini, yenye paa la bati la pande mbili, urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 pamoja na upenu, ikiwa na watu watano. Kalenda yake ni ya mikoa inayopata masika kati ya Machi na Mei, kama Tanga, Pwani, Morogoro, Kilimanjaro na Arusha. Kazi iwe imekamilika mwishoni mwa Februari. Walioko Dodoma, Singida au Tabora, ambako msimu wa mvua ni mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, wamalize kazi Oktoba.

## Vifaa vinavyohitajika

- Gata la bati au la plastiki lenye upana wa sentimita 15 mdomoni, urefu wa mita 8, pamoja na vifuniko vya ncha mbili.
- Vishikio vya gata visivyopungua 15, pamoja na misumari au skrubu zake.
- Ukanda wa bati bapa wenye upana wa sentimita 15 hadi 20, wa kutosha urefu wote wa gata.
- Bomba la plastiki la inchi 4, mita 6. Tii moja (kiungo cha njia tatu chenye umbo la herufi T), kona mbili, na mfuniko mmoja wa kufungua kwa kuzungusha.
- Uzi wa mwashi, pima maji (kifaa cha kupimia usawa), futi kamba, msumeno, nyundo, gundi ya mabomba na silikoni.
- Wavu wa mbu wa madirishani, na waya wa kuufungia.
- Saruji, mchanga, kokoto na mawe kwa ajili ya msingi wa tangi.
- Tangi lenye mfuniko unaofunga vizuri, lisilopitisha mwanga. Usilinunue kabla ya kufika Hatua ya 4, kwa sababu zitakazoelezwa huko.
- Ngazi imara, na mtu wa pili wa kuishika.

## Je, paa lako linafaa?

Bati safi, lenye kutu kidogo au lisilo nayo, linafaa. Paa la nyasi au makuti hutoa maji ya rangi ya kahawia yenye uchafu mwingi, ambayo yanafaa kwa mifugo na kumwagilia bustani tu. Paa la asbesto, ambalo bado lipo kwenye baadhi ya majengo ya zamani, lisitobolewe, lisikatwe wala lisisuguliwe, kwa kuwa vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Tafuta paa lingine la kuvunia maji. Kama bati limepakwa rangi ya zamani ambayo hujui ilikuwa na madini gani, usinywe maji yake.

Kata matawi yaliyoegemea paa. Majani ni kero ndogo. Tatizo kubwa ni ndege, panya na mijusi wanaoyatumia matawi hayo kama njia ya kupandia, wakaacha kinyesi juu ya bati.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya maji kabla ya kutoa fedha

Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita ya mraba 1 hutoa lita 1 ya maji. Eneo linalohesabiwa hupimwa chini ardhini, yaani kivuli cha paa kama jua lingekuwa utosini, wala si mteremko wa bati lenyewe. Nyumba yetu ina mita za mraba 48, na kila upande wa paa una 24.

Sehemu ya maji hupotea kwa kurukaruka, kukauka na kutupwa mwanzoni, kwa hiyo zidisha kwa 0.8. Eneo likipata milimita 300 katika masika yote, upande mmoja peke yake utatoa 24 × 300 × 0.8, yaani lita 5,760. Upande mmoja wa paa unatosha kulijaza tangi la lita 5,000. Ndiyo maana ninashauri uanze na upande mmoja, uufanye vizuri, na uache wa pili kwa mwaka mwingine. Magata mawili yaliyofungwa kwa haraka hukupa maji machache kuliko moja lililofungwa kwa makini.

## Hatua ya 2: Funga gata kwa mteremko

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na lawama si za fundi peke yake. Mwenye nyumba husimama barabarani, akatazama, akataka gata lililonyooka sambamba na ukingo wa paa kwa sababu linapendeza. Gata lililonyooka hivyo haliteremshi maji. Yanatuama, uzito unaongezeka, vishikio vinalegea, na dhoruba ya kwanza yenye upepo inaling'oa.

Uzito huo si wa kubeza. Gata la nusu duara lenye mdomo wa sentimita 15 likijaa hubeba karibu kilo 9 za maji kwa kila mita, hivyo gata la mita 8 ni kilo 70 zinazoning'inia kwenye ubao wa ukingo wa paa.

Fanya hivi:

1. Kagua kwanza ubao wenyewe, ule ambao mafundi huuita fishabodi. Ukiuchoma kwa ncha ya kisu na kisu kikaingia bila nguvu, umeoza. Ubadilishe kabla ya kupigilia chochote.

2. Piga msumari kwenye ncha ya juu ya gata, karibu kabisa na ukingo wa bati. Nenda ncha ya pili, upande litakaposimama tangi, upige msumari mwingine ulio chini zaidi kwa sentimita 8. Kipimo ni sentimita 1 kwa kila mita ya urefu. Vuta uzi kati ya misumari hiyo na uukaze hadi ulie ukiuchapa kwa kidole. Usikisie usawa kwa kutazama ukingo wa paa, kwa sababu paa nyingi zenyewe zimeinama. Pima kwa pima maji.

3. Funga vishikio kwa kufuata uzi, kila baada ya sentimita 60, na uongeze kimoja karibu na tundu la kutokea maji na kimoja kwenye kila kiungo.

4. Laza gata, ziba viungo kwa silikoni, acha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukingo wa bati uingie ndani ya mdomo wa gata kwa sentimita 3 hadi 5.

5. Pigilia ukanda wa bati bapa. Ukunje kwa urefu, nusu moja ilale juu ya ukingo wa paa na nusu ya pili ining'inie wima mbele ya ncha za bati, juu ya mdomo wa gata. Misumari ipigwe kwenye migongo ya bati, si kwenye mabonde, ili maji yapite chini ya ukanda bila kizuizi.

Ukanda huo wapo wanaouona kuwa pambo, lakini bila huo utapoteza maji mengi wakati unapoyahitaji zaidi. Mvua kali ya masika inaweza, kwa dakika kadhaa, kunyesha kwa kasi ya milimita 100 kwa saa, na upande mmoja wa paa letu ukamwaga lita 40 kwa dakika, yaani ndoo mbili kubwa. Maji ya kasi hiyo hayadondoki. Yanaruka mbele, na kwenye ncha ya chini, ambako gata limeachana na bati kwa sentimita 8, yanaliruka gata kabisa. Ukanda huyagonga na kuyarudisha ndani.

Tahadhari. Usipande ngazi wala paa wakati wingu la mvua linakusanyika au radi inasikika hata kwa mbali. Bati lililolowa huteleza, na ngazi iliyosimama kwenye tope huzama mguu mmoja bila taarifa.

Dalili ya mafanikio. Dondosha jani dogo kwenye ncha ya juu, kisha mimina maji kwa kata, polepole. Jani lisafiri hadi kwenye tundu bila kusimama. Likisimama na kuanza kuzunguka mahali pamoja, kishikio cha hapo kimeshuka au cha mbele yake kimepanda; rekebisha sasa, maana hapo ndipo mbu watakapotaga.

## Hatua ya 3: Tenga maji ya mwanzo

Mvua inapoanza, maji ya dakika za kwanza huosha paa. Yakinge kwenye bakuli jeupe uyatazame: yana rangi ya chai ya rangi, chembe za masizi ya jikoni, vumbi, na vile vijiti vyeusi vyenye nukta nyeupe nchani ambavyo ni kinyesi cha mijusi. Hayo yakiingia tangini, chujio lolote utakaloweka mdomoni litazuia majani tu, huku uchafu ulioyeyuka ukipita.

Kiasi cha kutupa ni angalau nusu lita kwa kila mita ya mraba ya paa. Kwa mita za mraba 24, hiyo ni lita 12. Bomba la inchi 4 hubeba takriban lita 8 kwa kila mita, kwa hiyo kipande cha mita 1.5 kinatosha.

Mpangilio wake ni huu: bomba linaloshuka kutoka tundu la gata liingie juu ya tii. Chini ya tii, endeleza kile kipande cha mita 1.5 kisimame wima hadi karibu na ardhi, na ukifunge chini kwa mfuniko wa kuzungusha. Tawi la pembeni la tii ndilo litakalokwenda tangini. Mvua ikianza, maji machafu hushuka na kukijaza kipande cha chini. Kikishajaa, maji yanayofuata hayana pa kwenda isipokuwa pembeni, kuelekea tangini.

Toboa kitundu cha milimita 2 kwenye mfuniko wa chini. Kitatoa mchirizi mwembamba, na baada ya saa moja hivi bomba litakuwa tupu, tayari kwa mvua nyingine. Wapo wanaopendelea kuacha mfuniko bila kitundu na kuufungua kwa mkono, au kugeuza bomba la tangi upande mara mvua inapoanza. Njia hizo zinafaa kwa mtu asiyelala, kwani mvua kubwa huweza kuja usiku, na hakuna atakayetoka kitandani kwenda kushika bomba gizani wakati radi inapiga.

Funga bomba ukutani kwa waya au vibanio sehemu tatu. Likijaa lina kilo 12, na mbuzi hupenda kujikuna hapo.

Mvua ya kwanza kabisa ya msimu, baada ya miezi ya vumbi, yote iende nje: fungua mfuniko wa chini na uuache wazi hadi mvua hiyo iishe.

Dalili ya mafanikio. Siku ya pili baada ya mvua, fungua mfuniko. Utatoka utope mweusi kidogo, pengine na majani. Usipotoka uchafu wowote baada ya mvua tatu au nne, usifurahi. Kagua kama maji yanapita huko kweli.

## Hatua ya 4: Pima kimo, kisha ununue tangi

Maji hayapandi mlima. Mdomo wa tangi lazima uwe chini ya tawi la tii, na familia nyingi hugundua jambo hili tangi likiwa tayari limeshushwa uwanjani.

Chukua futi kamba. Tuseme ncha ya chini ya gata iko mita 2.3 kutoka ardhini. Ondoa sentimita 30 kwa ajili ya tii, kona na mteremko wa bomba. Inabaki mita 2.0. Ondoa sentimita 40 za msingi, ambazo ni lazima ziwepo ili ndoo iingie chini ya koki. Unabaki na mita 1.6. Nenda dukani na kipimo hicho mkononi, na upime matangi yenyewe badala ya kuuliza lita tu. Yakionekana marefu mno, matangi mawili mafupi yaliyounganishwa kwa chini ni bora kuliko moja kubwa lisilofikiwa na maji.

Chagua jeusi au la rangi nzito. Mwanga ukipenya, ukijani huota ndani.

## Hatua ya 5: Jenga msingi

Lita 5,000 ni tani 5. Ardhi ya kichanga au ya mfinyanzi iliyolowa haihimili uzito huo bila maandalizi, na tangi la plastiki lililokaa juu ya jiwe moja lililochomoza hupasuka kwa chini.

Chimba hadi ufike udongo mgumu, panga mawe, shindilia, jenga hadi sentimita 30, kisha mwaga zege la sentimita 10 juu, laini na la usawa. Msingi uzidi tangi kwa sentimita 20 kila upande. Limwagilie zege kwa siku saba kabla ya kuliwekea mzigo. Chini ya koki weka kokoto, ili pasiwe na dimbwi.

Tahadhari. Tangi tupu hupeperushwa na upepo unaotangulia mvua za radi. Kabla halijapata maji lifunge kwa kamba kwenye vigingi viwili, au litie ndoo kadhaa za maji ya kisima. Ukitia maji ya kisima, usisahau kwamba yamo humo.

## Hatua ya 6: Unganisha, ziba, na utoe njia ya ziada

Peleka bomba kutoka tii hadi tangini kwa mteremko mdogo. Kwenye mdomo wa kuingilia, funga wavu wa mbu kwa waya. Fanya hivyo pia kwenye bomba la kutolea maji ya ziada. Mfuniko wa tangi ufungwe kwa namna ambayo mtoto hawezi kuufungua.

Bomba la maji ya ziada lilingane kwa upana na lile la kuingiza, kwa kuwa tangi likishajaa, zile lita 40 kwa dakika bado zinakuja. Lielekeze angalau mita 3 kutoka ukutani na kutoka kwenye msingi wa tangi, likaishie kwenye migomba au mipapai. Kwa nyumba ya udongo au ya tofali mbichi, jambo hili ni la usalama: maji yakimwagika mguuni mwa ukuta usiku kucha, ukuta hulainika na kuanguka.

## Hatua ya 7: Gawa kazi nyumbani

Mfumo mzuri usio na mwenyewe hufa kabla ya Mei. Mtu mzima mmoja aondoe majani gatani kila wiki, mvua zikiwa zimetulia. Kijana mmoja afungue mfuniko wa bomba la maji machafu kila baada ya mvua kubwa, ausuuze na kuzibua kitundu kwa njiti. Watoto wadogo wasikabidhiwe kazi ya ngazi, wala wasitumwe kutega ndoo na sufuria chini ya upenu wakati radi inapiga. Gata, bati na maji vyote hupitisha umeme. Ndoo iliyojaa haina thamani hiyo.

Kuchota kuwe kwa koki peke yake. Kata ikishaanza kuchovywa kwenye mdomo wa tangi, mikono yote ya nyumba imeingia humo.

## Hatua ya 8: Tibu maji ya kunywa

Maji ya mvua yaliyokusanywa vizuri ni safi kwa macho, lakini yamepita juu ya bati walikotembea ndege. Ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kabisa kwa dakika 1, au dakika 3 kwa wanaoishi juu ya mita 2,000. Asiye na kuni kavu, na wakati wa masika ni wengi, atumie dawa ya klorini ya maji ya kunywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na asubiri dakika 30. Njia ya kuanika chupa za plastiki juani huhitaji saa 6 za jua zuri au siku mbili za mawingu, na mvua ikinyesha mfululizo haitegemeki. Iache hadi kiangazi.

## Jinsi ya kuyafanya maji yafike mbali

Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku kwa shughuli zote, tangi la lita 5,000 litakwisha baada ya siku 50. Wakilitumia kwa kunywa na kupika peke yake, takriban lita 7 kwa mtu, litafika siku 140 na zaidi, yaani kutoka mwisho wa Mei hadi Oktoba, vuli zinapoanza. Kwa maoni yangu, wakati wa masika, tangi likiwa limejaa, tumieni maji kwa ukarimu, fueni na oge­ni, kwa sababu maji yanayozidi yangemwagika tu; ubahili uanze mvua zinapopungua. Kwenye maeneo kama Maji ya Chai mkoani Arusha, ambako maji ya ardhini yana floraidi nyingi inayochafua meno, maji haya yatengwe kwanza kwa ajili ya watoto ambao meno yao ya ukubwani bado yanakua.

## Yakitokea matatizo

Gata linafurika katikati, ncha zikiwa kavu. Kishikio kimeshuka au kuna kiota. Vuta uzi upya.

Maji yananuka mayai mabovu. Kuna majani yaliyooza chini ya tangi. Toa maji yote, sugua kwa brashi yenye mpini mrefu, suuza kwa maji yenye klorini, mwaga, suuza tena. Ikibidi mtu aingie ndani, mfuniko ubaki wazi, asitumie dawa kali akiwa ndani, na mtu mzima mwingine asimame nje muda wote.

Kuna viluwiluwi. Wavu umetoboka au mfuniko haukazi. Kuwachuja peke yake hakusaidii, kwa kuwa yai la mbu huweza kufikia kuruka ndani ya siku 7 hadi 10. Badilisha wavu siku hiyohiyo, kagua gata kama lina maji yaliyotuama, na umwage pia makopo, matairi na mitungi iliyoachwa uani, maana mbu wa malaria na wa dengi hawatofautishi tangi lako na takataka zako.